Gololi ya Windows XP

Jamani, mnaikumbuka 3D Pinball: Space Cadet? Kwenye saiba za Kibera na Kawangware tulilipia dakika, si gemu, na dakika zangu za mwisho zote zilikwenda huko. Herufi Z ilipiga kibao cha kushoto, alama ya / cha kulia. Ukiitikisa meza sana, TILT! Unaanza kadeti, unapanda cheo misheni kwa misheni hadi admirali, safari nzima ya angani juu ya meza moja. Utamu wake ndio huo.

Windows Vista ikaja bila gemu hiyo. Raymond Chen wa Microsoft alisimulia mwaka 2012: kwenye biti 64 gololi ilipenya vizuizi, na msimbo haukuwa na maelezo, kosa likawashinda. (Madevelopa, tuandike maelezo!) Mwaka 2021 msimbo ulifufuliwa kutoka kwenye programu yenyewe, sasa hata kwenye Linux inachezeka. Admirali bado sijafika.