Kutu Chini ya Rangi

Marehemu mume wangu, Allah amrehemu, alituachia nyumba ya vyumba viwili hapa Mtwapa, baiskeli, na trekta ndogo ya kukatia nyasi. Aliinunua ikiwa kuukuu, akaiendesha miaka tisa akifyeka viwanja vya watu kwa ujira. Eda yangu ilipokwisha na mirathi ikahesabiwa, trekta ile ndiyo iliyokuwa mali pekee tuliyoweza kuiuza bila ya kujiondoa chini ya paa letu. Wazazi wake walikwisha tangulia. Thumuni ilikuwa yangu. Iliyobaki ilikuwa ya wanangu watatu, na mkubwa wao alikuwa kidato cha tatu, karo yake haijalipwa.

Mnunuzi alipatikana upesi: mzee mmoja mtunza kiwanja cha shule ya msingi. Tukaagana aje Ijumaa, baada ya Swala. Siku nne kabla yake, mimi na mwanangu tuliiosha trekta ili ipendeze machoni mwa mgeni, na katika kuiosha ndipo tulipoiona aibu yake.

Chini ya tumbo la trekta kuna chombo cha chuma, kipana na kilichofudikizwa, ambamo visu huzunguka. Nyumbani tulikiita sinia. Nyasi mbichi hunata ndani yake, na zikiachwa hukaa na unyevu siku nyingi. Huku kwetu pana na upepo wa chumvi, basi kutu huanza ndani, na juu rangi hubaki nzuri. Mwanangu aligonga sinia kwa nyundo. Chuma kizima hulia. Alipofika pale unaposhikiliwa mhimili wa kisu, mlio ulikufa, na nyundo ikazama. Pembeni yake palikuwa na ufa wa urefu wa kidole.

Nilimwita fundi wa kuchomelea. Akatazama, akatabasamu. "Mama, hili lisikusumbue. Tutajaza puti ile ya magari, tutapaka rangi, na hata aliyeiunda hatajua."

Shemeji yangu alikuwapo, naye aliafiki. "Shemeji, hii si mali yako peke yako," aliniambia kwa upole. "Ukimtajia mtu aibu yake, bei itashuka, na watakaopunjika ni mayatima. Utamjibu nini Mola wako?"

Nakiri kwamba maneno yale yalinikosesha usingizi. Lau angaliniambia nidanganye kwa faida yangu, ningalimkatalia palepale. Lakini alinijia kwa mlango wa haki ya watoto, na mlango huo mama hawezi kuufunga kwa urahisi.

Usiku ule nilikumbuka kisa tulichofundishwa chuoni tukiwa wadogo, cha Mtume (s.a.w.) alipopita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, na vidole vyake vikatoka na umajimaji. Mwenye nafaka alijitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka ule unyevu juu, watu wakauona; na aghushiye akaonywa onyo kali. Nilijiona ni mimi niliyesimama kando ya rundo lile. Kisha nikawaza lililo zito zaidi. Kisu kile huzunguka mara 3,000 hivi kwa dakika, na puti haina nguvu ya kuushikilia mhimili wake. Siku utakapoachia, kitakuwa katika kiwanja cha shule. Mali ya wanangu mayatima siwezi kuilinda kwa mguu wa mtoto wa mwenzangu.

Baada ya Alfajiri nilimpigia simu yule mzee, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Itengeneze, bi. Ila rangi isipakwe mpaka nije nione mwenyewe."

Fundi hakufurahi, lakini kazi aliijua. Walitoa waya wa plagi ili injini isije ikawaka, wakavua mkanda, wakalishusha sinia, wakalisugua kwa brashi ya waya. Kila palipooza palikatwa mpaka kufikia chuma kinacholia. Kiraka cha bamba la milimita 3 kikachomelewa kidogo kidogo, huku na huku, ili moto usilipinde sinia. Beringi zikabadilishwa. Mwanangu alivinoa visu kwa tupa, kisha akakitundika kila kimoja kwenye msumari kwa tundu lake la katikati: upande ulioinama ulikuwa mzito, akaupunguza mpaka kisu kikatulia sawa. Gharama ilikuwa shilingi 11,000, nami nilizitoa katika fungu langu, nisiguse la watoto.

Ijumaa mzee alikuja, akatandika gunia, akalala chali na kanzu yake, akapitisha vidole juu ya mshono wa chuma, taratibu, kama mtu asomaye. Aliinuka, akapunguza shilingi 5,000 katika bei tuliyoagana, akalipa. Nilimwambia kwamba akiona aibu nyingine tusiyoiona, ana haki ya kuirejesha. Akajibu kwamba analijua hilo.

Jioni shemeji alikuja na mkebe wa rangi ya kuzuia kutu, alioununua mwenyewe. Hakusema neno. Alikunja mikono ya shati, akaanza kupaka, na mwanangu akamshikia taa.

Wenye mashine kama hii, nawausia jambo dogo: mkimaliza kufyeka, toeni waya wa plagi, kisha kwangueni sinia nyasi zikiwa bado mbichi. Na anayeuza, auweke unyevu juu. Allah atubarikie riziki zetu, na awarehemu waliotuachia. Amin.