Raba za Bure na Swali la Mjomba

Leo nina kosa la kukiri. Nalikiri hapa kwa sababu kwenye gazeti halitatoka.

Kampuni moja (jina naliacha, mbele utaelewa kwa nini) ilituita waandishi wa habari kwenye hoteli moja hapa Dar es Salaam. Ilikuwa muda mfupi baada ya Alphonce Simbu kutwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, alipompita Mjerumani mstarini kwa sekunde 0.03. Unakumbuka hali ilivyokuwa. Kila mtu akawa mkimbiaji. Hata wahariri wenye vitambi walionekana Coco Beach alfajiri wakihema kama wamefukuzwa na polisi. Kampuni ikaona hapo pana biashara, ikaleta raba za kukimbilia zinazoitwa rafiki wa mazingira. Tukaambiwa sehemu ya juu imefumwa kwa nyuzi zilizotokana na chupa za plastiki, kamba zake vile vile, na boksi lake ni karatasi tupu. Tukala, tukanywa, tukapiga picha. Wakati wa kutoka kila mmoja akapewa jozi yake.

Sasa, sisi waandishi tunazijua habari za bahasha. Nilipokuwa chuo nilibishana na wenzangu mpaka usiku wa manane kuhusu jambo hilo. Nikaapa kwamba sitapokea hata shilingi mia ya mtu ninayemwandikia. Lakini raba siyo bahasha, au siyo? Ndivyo nilivyojiambia. Namba 42, rangi ya kijani kama jani la mgomba. Nikapokea. Usiku ule ule nikaandika maneno 400, nusu yake nikiyatoa kwenye karatasi tuliyogawiwa pale hotelini. Habari ikatoka ukurasa wa biashara, jina langu juu yake. Nikaipiga picha nikaisambaza kwa ndugu wote.

Krismasi ilipofika nikapata likizo, nikafunga safari ya nyumbani, Sumbawanga.

Kwa wale ambao hamjafika, ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar. Zamani kipande cha kutoka Tunduma, zaidi ya kilomita 220, kilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, mpaka lami ilipokamilika katikati ya miaka ya 2010. Ufipa ni uwanda wa juu. Mji uko kwenye mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, upepo haulali, na baridi yake siyo ya kuvaa fulana. Upande wa mashariki kuna milima ya Mbizi, na ukishaipita ardhi inakatika ghafla kushuka bonde la Ziwa Rukwa. Kwetu tunalima mahindi, maharage, ulezi. Wenzangu wa ofisini wao wanachojua kuhusu Sumbawanga ni uchawi tu. Nimechoka kuwaeleza kwamba jina lenyewe, kama tunavyolieleza kwetu, maana yake ni "tupa uchawi".

Asubuhi ya pili nikavaa raba zangu nikatoka kukimbia kuelekea milimani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Watoto wakanikimbiza kidogo wakicheka, wakachoka, wakaniacha. Nilijisikia Simbu kabisa. Baada ya kilomita kama sita nikakanyaga tope zito, nikavuta mguu wa kulia, na soli ikabaki nyuma. Yaani haikutoka yote, ilibanduka kuanzia kisigino hadi katikati, ikawa inapigapiga kama mdomo wa bata.

Nikarudi kwa miguu, mdogo mdogo. Njiani nikapishana na mzee mmoja anasukuma baiskeli yenye gunia mbili za mkaa. Miguuni alikuwa na katambuga, zile ndala za tairi, zimeliwa na njia mpaka kashata za tairi hazionekani tena. Akanisalimia. Akautazama mguu wangu wa kulia, akafumba mdomo, akaendelea na safari yake. Namshukuru kwa heshima ile.

Nikaenda moja kwa moja kwa mjomba. Mjomba wangu ni fundi viatu pale mjini. Ana kibanda, benchi, kipande cha reli anachogongea misumari, na rundo la matairi mabovu. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ilitoka kwenye kisu chake. Hilo mlishike, maana ndilo lililoniumiza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Vipi, umegombana na mbwa?"

Nikamweleza. Nikaeleza kwa mbwembwe kidogo, unajua tena mtu katoka Dar. Nikamwambia hizi siyo raba za hivi hivi, hizi ni rafiki wa mazingira, zimetengenezwa kwa chupa za plastiki. Akaipokea ile ya kulia, akaigeuza, akaibonyeza soli kwa kidole gumba. Ikabonyea kama mkate.

"Na hii nayo ni chupa?"

Sikujua. Kwenye ile karatasi walieleza juu tu, soli hawakuitaja.

"Ikibanduka hapa anaitengeneza nani?"

Sikujua.

"Haya. Ikifa kabisa inakwenda wapi?"

Nikanyamaza. Mjomba akafuta mikono kwenye aproni yake. "Habari yako nimeisoma. Binamu yako alinionyesha kwenye simu. Nimeisoma mara mbili nikitafuta mambo hayo matatu." Akainama kutafuta kisu. "Mimi nilikulipia ada ukajifunze kuuliza."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya msumari. Afadhali angefoka.

Akaanza kazi. Akajaribu gundi, haikushika, povu lilikuwa limenyonya maji ya tope. Akajaribu kushona kwa uzi wa nailoni, uzi ukalikata povu kama siagi. Mwishoni akaikausha juani mpaka saa nane, akapaka gundi upya, akakata kipande chembamba cha mpira wa tyubu ya lori, akakizungushia chini na kukipandisha pembeni, akakishona kwenye kile kitambaa cha chupa. Nikamuuliza anataka nini. "Elfu tatu. Undugu ni nyumbani, hapa ni kazini." Nikalipa.

Nilipokuwa nasubiri nikamtazama akitengeneza katambuga za mteja mwingine. Nimeona kazi hiyo tangu utoto lakini sikuwahi kuitazama. Kwanza anachagua tairi. Anataka zile zenye nyuzi za nailoni ndani, maana tairi nyingi za siku hizi zina nyaya za chuma, zinaharibu kisu na zikichomoza zinachoma mguu. Anasema kila mwaka za nailoni zinazidi kuwa adimu. Anachora nyayo za mteja kwa chaki, anakata huku analowesha kisu kwa maji, maana mpira mkavu haukatiki. Mikanda inatoka kwenye tyubu, inapitishwa kwenye matobo ya pembeni na kupigiliwa misumari midogo. Mkanda ukikatika unabadilishwa kwa dakika tano. Soli ikiisha, ni miaka, na tairi hizo nyingi zimevaliwa na malori yanayobeba mahindi yetu kuyapeleka kwenu. Likishindwa kubeba mahindi, linambeba aliyeyalima.

Mjomba hajawahi kutamka neno mazingira. Kwake ni suala la kutotupa tu. Hata shambani ndivyo Wafipa walivyozoea tangu zamani, majani hayachomwi bali yanafunikwa kwa udongo kwenye vilima vya duara, yanaoza, msimu unaofuata kilima kinatawanywa na kupandwa. Nimekulia katika watu hao, nikaenda hotelini kufundishwa na mtu mwenye tai kwamba taka ni mali.

Niliporudi Dar nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya kabla. Jibu la swali la kwanza halikuwa gumu kupatikana. Soli za raba nyingi za kukimbilia ni povu la plastiki linalotokana na mafuta na gesi, halina uhusiano na chupa. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walipiga hesabu ya jozi moja ya kawaida, wakakuta imesababisha kama kilo 14 za hewa ya ukaa. Ilikuwa na vipande 65, na kuiunda kulihitaji hatua zaidi ya 360. Na kama theluthi mbili ya hewa hiyo haikutoka kwenye malighafi, ilitoka kwenye utengenezaji wenyewe, kwenye viwanda vinavyotumia makaa ya mawe. Kwa hiyo hata juu pakifumwa kwa chupa tupu, sehemu kubwa ya mzigo bado iko pale pale. Halafu wauzaji wenyewe hushauri mkimbiaji abadilishe jozi kila baada ya kilomita 500 hadi 800. Mimi nilifika sita.

La pili, la kutengeneza. Kiatu cha vipande 65 vilivyogandishwa pamoja hakikuundwa ili fundi akifungue. Hilo mjomba aliligundua kwa kidole gumba.

La tatu, vinakwenda wapi vikifa? Wengi wetu tunajua, hatutaki tu kusema. Vinakwenda dampo, vinachomwa, au vinafuata mifereji mpaka baharini. Kule Lamu, Kenya, mafundi wa majahazi walitengeneza dau la plastiki liitwalo Flipflopi, likazinduliwa mwaka 2018. Lilikula tani kama 10 za taka za plastiki na likavishwa kandambili zipatazo 30,000, nyingi zimeokotwa fukweni. Mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Watu wengi tulifurahia rangi zake kwenye picha. Nilipolitazama tena safari hii nilianza kuhesabu miguu.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi tuvae katambuga wote. Mjomba mwenyewe alicheka nilipomuuliza kama ninaweza kukimbilia. Ni nzito, zinateleza kwenye tope, mkanda mpya unachubua. Wanaozivaa kule kwetu wengi wao wangepata hela wangenunua raba kesho asubuhi, na watoto wake mjomba hawavai. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, lakini Tokyo mwaka 1964 alishinda akiwa na viatu, na hakuna aliyemlaumu. Tena tairi lenyewe siyo malaika. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walieleza kwamba kemikali inayotoka kwenye mpira wa matairi ikisombwa na mvua hadi mitoni ndiyo iliyokuwa inaua samoni wa aina moja kule pwani ya magharibi. Umaskini tusiupake rangi ya kijani tukaupigia makofi.

Ninachosema ni kidogo zaidi. Mtu akikwambia kiatu chake ni rafiki wa mazingira, mengi atakayokueleza ni kuhusu kimetokana na nini. Mjomba aliuliza kitadumu vipi na kitaishia wapi. Kiatu kinachokaa miaka minne na kushonwa mara tano kinaokoa viatu vingine ambavyo havikuhitaji kutengenezwa. Hesabu hiyo haihitaji MIT. Lakini haina kampuni ya kuitangaza, na mimi niliyesomeshwa ili niipige sikuipiga, kwa sababu nilikuwa nimeshapewa jozi.

Nikaiandikia kampuni barua pepe yenye maswali yale matatu. Nikajibiwa kwa heshima sana, na kiambatanisho. Nikafungua, nikakuta ile ile karatasi ya hotelini.

Nikaenda kwa mhariri. Nikamwambia nataka kuandika habari ya pili, ya kurekebisha ile ya kwanza, na ndani yake nimweke fundi wa katambuga wa Sumbawanga. Akaniuliza kuna kosa gani kwenye ya kwanza. Nikasema hakuna uongo, kuna maswali ambayo hayakuulizwa. Akavua miwani. Akasema kama hakuna uongo hakuna cha kurekebisha, na kwamba wale watu wamelipia tangazo la ukurasa mzima mwezi ujao, na kwamba fundi viatu siyo habari. Simlaumu sana. Mshahara wangu unatoka kwenye kurasa hizo hizo. Lakini hata mimi nilikuwa nimeshalipwa kabla yake, namba 42, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya hapa.

Kuzirudisha siwezi, nani atapokea raba yenye kiraka cha tyubu ya lori? Kwa hiyo ninazivaa. Jumamosi nilikimbia nazo na wenzangu wa jogging, wakanicheka, mmoja akaniuliza ni toleo gani hilo. Nikamwambia ni toleo la Sumbawanga. Ya kulia ni nzito kidogo kuliko ya kushoto, lakini kiraka hakijaachia. Ya kushoto ndiyo imeanza kufunguka.

Juzi mjomba kapiga simu kutaka kujua kama kazi yake imeshika. Nikamwambia imeshika. Akauliza, "Na yale maswali yangu, wamejibu?" Nikamwambia bado. "Basi waulize tena," akakata simu.

Barua ya pili nimeituma leo asubuhi. Wakijibu nitawaambieni.