Mzima Kabisa

Kiswahili kinatudai uzima kila asubuhi. "Mzima wewe?" anauliza muuza chapati. "Mzima," unaitika, hata kama umekesha unakohoa. Akiongeza "kabisa?" na wewe unamwongezea kabisa yake. Hakuna anayedanganya hapo, ni salamu tu, kama vile sijambo haina maana kwamba kweli huna jambo. Niliiitika salamu hiyo miaka 36 bila kuisikiliza. Nilianza kuisikiliza siku ya kumi na moja baada ya kuondolewa titi la kushoto. Jirani alinikuta mlangoni, mrija wa kutolea majimaji unaning'inia chini ya kanga na kichupa chake, akaniuliza kwa furaha ya kuniona: "Jamani, mzima?"

Mzima ni aliye hai. Mzima ni asiye na maradhi. Mzima pia ni kitu ambacho hakijakatwa: mkate mzima, samaki mzima, siku nzima. Na mtu mzima ni yule aliyekwishakua, asiyelia ovyo. Maana zote nne zilinijia kwa mpigo mmoja nikiwa nimeshika kitasa. Hai, ndiyo. Maradhi, tulikuwa bado tunasubiri majibu ya maabara. Kukatwa, nimekatwa. Na kulia, nilikuwa nalia kila nikiingia bafuni. Nikajibu, "Mzima, mama." Ningejibuje?

Kazi yangu ni uandishi wa habari, na sisi watu wa magazeti tuna lugha yetu ya saratani. Ni lugha ya vita. Mgonjwa "anapambana", akifa "ameshindwa vita", akiishi ni "shujaa". Oktoba ikifika tunavaa pinki, tunapiga picha za matembezi, na neno shujaa linajaa ukurasa mzima. Sina ugomvi na matembezi. Yakimtoa hata mwanamke mmoja nyumbani kwenda kupimwa, si haba, maana wengi wetu hufika hospitali uvimbe umeshakua. Lakini mimi vitani sikwenda. Nililala. Nililala mezani kwa usingizi wa dawa, nikalala wodini, nikalala kwenye kiti huku dripu inashuka tone kwa tone. Kama kuna waliopigana, ni daktari wa upasuaji, wauguzi na dawa zenyewe. Mimi nilikuwa uwanja wao.

Dripu zilikuwa nane, moja kila baada ya siku 21. Nne za kwanza zilikuwa na ile dawa nyekundu, doksorubisini, ambayo rangi yake ni ya juisi ya rozela kabisa, na ukienda kukojoa unatoka mwekundu hivyo hivyo. Tangu hapo rozela siinywi. Nywele zilianza kuachia siku ya kumi na saba, nikaziona kwenye foronya asubuhi, mume wangu akachukua mashine akanyoa zote bila kusema neno, kisha akajinyoa na yeye. Mdomoni kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu. Sitaki kukaa sana hapo. Kichefuchefu kimeandikwa na wengi, na kwa kweli ukishatapika mara ya kumi hakuna jipya la kusimulia.

Ninachotaka kusema ni kilichofuata, kwa sababu hicho hakuna aliyenionya. Siku ya dripu ya nane simu ilijaa ujumbe. "Hongera, umepona!" Wakaja na keki. Kuanzia siku hiyo watu waliacha kupiga simu, na sikuwaona wabaya: kwao hadithi ilikuwa imefika mwisho. Nami nikawa nimekaa kitandani na mwili nisioujua.

Neno kupona lina ujanja wake. Basi likipinduka Chalinze na abiria wakatoka wanachechemea, wanasema "tumepona". Hawana maana kwamba miguu haijavunjika. Wana maana kwamba kifo kimewakosa. Mguu ni habari nyingine, utatafutiwa fundi wake. Watu walinipongeza kwa kupona kwa aina hiyo, na walikuwa sahihi. Mguu wangu ndio ulikuwa bado.

Mkono wa kushoto, kwanza. Ukitolewa tezi za kwapani, maji ya mwili hayana njia nzuri ya kurudi, mkono unaweza kuvimba wakati wowote, hata baada ya miaka. Kwa hiyo mkono ule umekuwa kama mtoto wa mfalme: usidungwe sindano, usipimwe presha, usibebe ndoo, usiungue. Ngozi ya ndani ya mkono imekufa ganzi, nikijigusa ni kama namgusa mtu mwingine. Kila asubuhi nilisimama mbele ya ukuta nikipandisha vidole taratibu kama mjusi, nikachora mstari wa penseli pale vilipofika. Mwanangu wa miaka 6 alidhani ni mchezo, naye akajiwekea mstari wake. Wake ulipanda haraka kuliko wangu.

Kisha vidole. Dripu nne za mwisho, za paklitakseli, zilinila ncha za vidole. Kufunga vifungo vya sare ya shule ya mtoto ikawa kazi ya dakika kumi. Na kichwa! Hili ndilo lililonitisha kuliko kovu. Nilirudi kazini, nikatumwa kuongea na diwani kuhusu mfereji wa maji ya mvua, nikafungua mdomo kumuuliza kuhusu fedha zilizotengwa, na neno bajeti likagoma kuja. Nikaliona umbo lake, nikaona hata lilivyoandikwa, sauti hakuna. Nikamwambia, "ile... ile hesabu ya serikali." Alinitazama kwa huruma. Mimi ninayelipwa kwa maneno! Mhariri mmoja akapendekeza nihamishiwe ukurasa wa mapishi "nipumzike kidogo". Nilikataa, na baadaye nilikwenda chooni nikakaa juu ya mfuniko mpaka mikono ilipoacha kutetemeka. Daktari aliniambia ukungu huo wa kichwa unajulikana, kwa wengi hupungua polepole. Wangu umepungua. Bado natembea na daftari dogo la maneno, kama mwanafunzi wa darasa la tatu.

Mama alikuja kutoka Tanga wiki ya pili baada ya upasuaji. Alikuja na kiroba cha unga, pilipili manga, kuku wawili waliofungwa miguu, na mkaja. Mkaja, jamani. Ile nguo ndefu ya kumfunga mzazi tumbo. Nilipoiona nilicheka mpaka kovu likauma, kisha nikaelewa. Mama anajua namna moja tu ya kumrudisha mwanamke aliyerudi kutoka hospitali amepasuliwa: ni ya mzazi. Hajui nyingine, wala mama yake hakujua nyingine. Kwa hiyo alinilea kama mzazi. Uji wa pilipili manga asubuhi, supu mchana, nisiguse maji ya baridi, nisitoke nje jua likizama, siku arobaini zihesabiwe. Alitaka kunikanda kwa maji ya moto. Nikamweleza kuhusu mkono: hautakiwi joto kali, hautakiwi kukandwa. Akakaa kimya na kitambaa chake kikitoa mvuke.

"Sasa mwanangu, mimi nikukande nini?"

"Miguu, mama."

Akakanda miguu. Kila jioni, siku arobaini, mgongo na miguu. Miguu yangu haikuwa na ugonjwa wowote. Mara nyingine nilisikia machozi yake yanadondoka pamoja na maji ya moto na sote wawili tukajifanya ni maji. Nilikuwa mzazi asiye na mtoto wa kuonyesha, na wageni waliokuja walikuwa na ile sura ya mtu aliyeleta nguo za kitoto akaambiwa taarifa ilibadilika. Lakini utaratibu ule ulinifaa. Hospitali ilinipa tarehe za kurudi. Mama alinipa kazi ya kila siku: kunywa, kulala, kukandwa, kuhesabu. Sijui kama pilipili manga ina faida yoyote kwa kidonda. Najua kwamba siku ya arobaini alinivalisha kanga mpya, akaniambia nitoke nje, nami nikatoka.

Usiku wa dripu, usingizi ulipogoma, nilisoma kwenye simu. Mwaka 1978 Mmarekani Susan Sontag alichapisha Illness as Metaphor, kitabu kidogo kikali kinachoshambulia lugha tunayowavalisha wagonjwa, ikiwemo hiyo ya vita. Mwenyewe alikuwa ameambiwa ana saratani ya titi mwaka 1975, lakini kitabuni hajitaji. Mwaka uleule wa 1978 Audre Lorde, mshairi mweusi wa New York, aliondolewa titi, na mwaka 1980 akatoa The Cancer Journals, ambamo anajitaja kila ukurasa. Namheshimu Sontag, ila nilimlalia Lorde. Anasimulia alivyoletewa hospitalini titi la bandia lenye rangi ya ngozi isiyo yake, na alivyokwenda kwa daktari bila kulivaa, muuguzi akamwambia angelivaa, maana kukaa vile kunashusha moyo wa watu pale ofisini. Lorde aliligomea. Aliona kwamba wanawake tukijificha hivyo hatutajuana, na tusipojuana hatutakuwa na sauti.

Nakubaliana na hasira yake yote. Bado titi la bandia navaa. Lorde hakupanda daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni, ambapo kifua cha mtu ni mali ya umma na kila jicho lina maoni. Kuna siku ninazotaka kuwa sauti, na kuna siku ninazotaka kufika nyumbani tu. Halafu, nyumbani silivai. Mwanangu ameshaliona kovu, aliuliza kama linauma, nikamwambia limekufa ganzi, akaligusa kwa kidole kimoja, akaenda kucheza.

Mume wangu alichukua muda mrefu zaidi. Alikuwa hodari wa vitu vyote vyenye kazi: kubadilisha chupa ya mrija, kuosha beseni la matapishi, kupanga foleni ya vipimo. Kazi zilipokwisha hakujua aweke wapi mikono. Alinigusa bega kama anavyoguswa mfiwa. Na mimi, nikiwa na kidonge cha tamoksifeni kila usiku kwa miaka 5 na joto linalopanda shingoni kama la mwanamke wa miaka 50, hedhi imesimama, nyusi nachora kwa penseli, sikujua kama nataka aguse au aache. Tulilala na taa imezimwa kwa miezi. Mtu asikudanganye kwamba mapenzi yanaondoa haya. Haya ina kasi yake.

Titi lenyewe ni kazi ya mama. La dukani bei yake ilikuwa ya mshahara, na la sponji nililoshonewa na fundi lilikuwa jepesi mno: nikitembea linapanda, nikifika kazini liko karibu na shingo. Mama akashona mfuko wa kitambaa laini, akajaza sufi ya mto wake mwenyewe. Zuri, lakini nalo linapanda. Linataka uzito. Akaongeza konzi ya choroko. Likatulia vizuri kabisa, nikalisifu, nikalivaa wiki nzima ya joto la Februari. Siku ya saba nikasikia harufu kama ya shamba. Tulipolifumua, choroko zilikuwa zimeota. Vijimkia vyeupe, vimechangamka, vimekunywa jasho langu. Mama alikaa chini sakafuni akacheka mpaka kilemba kikadondoka, na mimi nikacheka naye, mara ya kwanza tangu mkaja.

Kesho yake aliingia chumbani akafunga mlango. Alitoka na kifurushi cha karatasi, akakimimina kwenye ungo: shanga. Nyekundu, nyeupe, na chache za bluu. Zilikuwa zake za kiunoni, za ujana, alizozitunza tangu baba alipofariki. Alikwishakata uzi. Nikasema, "Mama, hizi si za kukata." Akaniambia nimshikie mfuko.

Shanga haziloi jasho wala haziozi, na uzito wake umekaa sawasawa. Ndani ya sidiria hazisikiki. Zinasikika nikilivua usiku na kuliweka juu ya meza ya kitanda, mlio mdogo tu, mara moja. Mume wangu ni mtu wa Pangani, mlio wa shanga anaujua. Mara ya kwanza kuusikia aliinua kichwa gizani, akaniuliza ni nini hicho. Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akaomba niwashe taa.