Mgongo Wangu na Walimu Wawili

Ndugu msomaji, iwapo hujapata kuumwa mgongo, uniwie radhi kwa kukuletea habari za maumivu siku ya mapumziko. Iwapo umepata kuumwa, basi huhitaji kuelezwa jinsi mtu mzima anavyoweza kushindwa kuvaa viatu vyake mwenyewe.

Yangu yalianza kwa ndoo. Maji yalikuwa yamekatika mtaani kwetu kwa siku mbili, nami niliporudi kazini nikakuta bomba la jirani linatoka. Nikajaza ndoo ya lita 20, nikainama bila kukunja magoti, nikainyanyua huku nikigeuka kumkemea mtoto. Nikasikia kitu kimekatika kiunoni mfano wa kamba. Kufikia asubuhi maumivu yalikuwa yameshuka nyuma ya paja la kushoto mpaka kwenye kidole gumba cha mguu, nacho kidole kilikuwa kimekufa ganzi.

Daktari alinifafanulia kwamba baina ya pingili za uti wa mgongo mna vibao laini mfano wa mito, vyenye ute mzito katikati. Mtu akinyanyua uzito huku ameinama na kujipinda, mto mmojawapo huweza kufura kwa nyuma na kuubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Wengi hupona pasipo kupasuliwa, katika muda wa majuma au miezi michache. Akanipa vidonge, kisha akaniandikia nimwone mtaalamu wa tiba ya viungo.

Huyo alikuwa mzee wa makamo, mwenye mvi, aliyeniita “mwanangu” tangu siku ya kwanza. Alinilaza kifudifudi, akaniagiza niinue kifua kwa nguvu za mikono huku kiuno kikibaki kitandani. Mara kumi, kila baada ya saa mbili. Njia hiyo, alisema, ilienezwa na mtaalamu wa New Zealand aitwaye Robin McKenzie, aliyefariki mwaka 2013.

“Maumivu yakipanda kutoka mguuni kurudi kiunoni, mwanangu, tunakwenda vizuri, hata kama kiuno kitauma zaidi,” alisema. “Yakishuka mguuni, acha, uje kwangu.”

Baada ya majuma matano ganzi ilitoweka, nami nikatenda kosa la wengi: nikajiona nimepona. Nauli, foleni, kuomba ruhusa kazini kila mara. Yote hayo yakawa visingizio. Niliacha kwenda. Mfanyakazi mwenzangu akanishawishi tuingie darasa la yoga, akisema kwamba huko hakuna foleni. Mama mkwe wangu aliposikia aliuliza kama hiyo si ibada. Nilimjibu kweli kwamba chimbuko lake ni dini na falsafa za Bara Hindi, lakini darasani tungefanya mazoezi ya mwili na ya kupumua tu. Hakuridhika, wala sikumlaumu.

Tulikuwa watu thelathini hivi. Mwalimu hakuniuliza lolote, nami sikumweleza lolote. Tukaketi miguu imenyooka, tukaambiwa tuiname tushike vidole vya miguu. Mwenzangu alivishika bila taabu. Kwa haya, ndugu msomaji, kwa haya tupu, nikajivuta mpaka nami nikavishika. Usiku ule mguu uliwaka moto upya, na nililia kimyakimya nisiwaamshe watoto.

Nilirudi kwa yule mzee nikitarajia aishutumu yoga. La hasha. Aliniambia nimwonyeshe kila tulichofanya, akaandika kwenye daftari: haya fanya sasa, haya subiri miezi mitatu, haya usiyaguse bila kuniuliza. Nilipofika kwenye mkao uitwao nyoka, alicheka. Ulikuwa karibu sawa na zoezi lile alilonipa siku ya kwanza.

Nikiwa na daftari lile nilimtafuta mwalimu mwingine, mama mmoja wa Upanga, mzaliwa wa Tanga. Yeye alifuata njia ya B.K.S. Iyengar wa India (1918–2014), ambaye utotoni aliugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, na ambaye baadaye alifundisha kwa kutumia viti, mikanda, blanketi na vipande vya mbao ili mwili usilazimishwe. Mama yule alilisoma daftari lote kabla hajanitandikia mkeka. Nyumbani mkanda wangu ni kanga, na kiti changu ni kigoda cha jikoni.

Kutoka kwa mzee nilipata kipimo: alinigonga goti kwa nyundo ndogo, akapima nguvu za kidole, akanifundisha kunyanyua kwa magoti. Kutoka kwa mama nilipata pumzi ndefu na usingizi, na mazoea yaliyobaki siku za matibabu zilipokwisha.

Kwa kuwa kazi yangu ni uandishi, nilitafuta ushahidi. Mwaka 2017 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa watu 320, wengi wao wa kipato cha chini, wenye maumivu sugu ya kiuno. Baada ya majuma 12, waliofanya yoga iliyoandaliwa mahususi kwa ajili ya kiuno hawakuachwa nyuma na waliopata tiba ya viungo. Habari njema, ila maumivu yao hayakuwa na chanzo dhahiri, ilhali mimi nilibanwa mshipa. Kwa hiyo sikuliacha daftari.

Nawe usianze bila kumwambia mwalimu maradhi yako. Mwenye presha ya macho asiinamishe kichwa chini. Mwenye mifupa dhaifu asijikunje sana mbele. Mjamzito aulize kwanza. Na ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo unakataa au unatoka wenyewe, au unyayo hauinuki, usiende kwenye mkeka wala kungoja Jumatatu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Siku hizi ndoo naijaza nusu, nakwenda mara mbili. Alfajiri mama mkwe huketi kwenye kigoda changu akinihesabia pumzi, na nikitaka kulikimbilia lile zoezi la nyoka huniuliza kama mzee ameliandika kwenye ukurasa wa leo.