Kitabu Kilekile, Wasomaji Wamehama

Nauza vitabu Nairobi. Nilianza na vile vya inama, vilivyotandazwa juu ya gunia kando ya barabara, mteja akiinama kuchagua huku mimi nikiangalia kama kanjo, askari wa jiji, wanakuja. Leo nina kibanda chenye rafu na kufuli katikati ya jiji. Katika miaka yote hiyo, hakuna kitabu kilichonionyesha jinsi Wakenya tunavyosoma siasa kama kile cha Miguna Miguna kilichotoka Julai 2012, Peeling Back the Mask.

Miguna alikuwa mshauri wa Waziri Mkuu Raila Odinga katika masuala ya serikali ya mseto. Agosti 2011 akasimamishwa kazi. Hakunyamaza. Alionekana kwenye televisheni, akaandika magazetini, na kabla ya mwaka mmoja kwisha akatoa kitabu cha zaidi ya kurasa 500 kilichomshambulia aliyekuwa mkubwa wake, wakati uchaguzi mkuu wa Machi 2013 ukiwa mlangoni. Daily Nation likachapa sehemu zake. Sarah Elderkin, mwandishi wa habari wa siku nyingi aliyekuwa karibu na Raila, akajibu kwa makala marefu katika The Star. Mombasa, hafla ya kukizindua ikavurugwa na vijana. Nakala zilipofika kwangu, nchi ilikuwa imekwisha kutoa hukumu, na waliokuwa wamekisoma mwanzo hadi mwisho walikuwa wachache mno.

Niliyaona hayo kwa namna watu walivyokishika. Mteja wa kawaida akichukua kitabu asichokijua husoma nyuma ya jalada, kisha hufungua ukurasa wa kwanza. Hiki walikifungua katikati. Walipekua haraka, kidole kikishuka ukurasani, wakitafuta jina. Mmoja alinikabidhi kitabu na kuniambia, "Mzee, nionyeshe pale anapommaliza Raila." Nilipomwambia asome mwenyewe, alinunua, akaenda kwa mwenye mashine ya kunakili aliyekuwa hatua chache kutoka kwangu, akatoa kurasa kadhaa za kugawia wenzake. Kwa hao kitabu kilikuwa silaha ya kampeni. Walikilipia vizuri, nami niliwashukuru, lakini sikuwahi kumsikia hata mmoja wao akitaja jambo lililo nje ya zile kurasa walizonakili.

Upande wa pili ulikuwa na hasira. Walipita, wakakiona, wakasimama. "Hata wewe umenunuliwa?" Swali hilo nililisikia mara nyingi, tena kutoka kwa wateja wangu wa miaka, watu walionunua kwangu vitabu vya shule vya watoto wao. Mmoja wao, mzee niliyemheshimu sana, alisema hawezi tena kununua kwa mtu anayeeneza matusi ya msaliti. Nilimwuliza kama amekisoma. Akasema hana haja, amesoma gazeti. Sikuweza kumlaumu kwa kutokinunua, maana bei yake haikuwa ya mfuko wa mwananchi wa kawaida. Kilichoniuma ni kwamba gazeti lilichagua sehemu zenye moto, kama ambavyo gazeti lolote lingefanya, naye akaamini kuwa moto huo ndio kitabu kizima.

Mambo mengine yaliyomo hayakugombaniwa na yeyote. Ni maisha ya Miguna mwenyewe: mtu aliyekulia Magina, Nyando, akilelewa na mama mjane. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyekamatwa mwaka 1987 kwa sababu ya uongozi wa wanafunzi, akafukuzwa chuoni, akavuka kwenda Tanzania na hatimaye akafika Kanada, akasomea sheria huko na kufanya uwakili Toronto. Aliporudi, aliutafuta ubunge mwaka 2007 akaukosa. Huo ni ushuhuda wa kizazi kizima kilichoteswa na utawala wa Moi, na Wakenya hatuna vitabu vingi vya aina hiyo. Katika kelele zote za 2012, sikumsikia mteja hata mmoja akibishana juu ya 1987.

Namkumbuka mwalimu mmoja, mama aliyetoka sehemu za Nyando. Alikuja jioni watu wamepungua, akaniomba nimfungie kitabu kwenye gazeti ili wenzake shuleni wasikione. Baada ya wiki kadhaa alirudi kutafuta kitabu kingine, tukazungumza. Alisema mengi yaliyoandikwa juu ya Raila hakuyakubali, na akanieleza kwa nini: pale Miguna anaposimulia kikao alichohudhuria, alimsikiliza, pale anaposema nia ya mtu mwingine, alimwuliza, wewe umeijuaje? Halafu akasema zile sura za utotoni alizisoma mara mbili, kwa sababu mama wa Miguna alimkumbusha mama yake. Mimi nimeuza vitabu kwa maprofesa na wabunge. Sijapata msomaji bora kuliko yeye, na inanihuzunisha hadi leo kwamba ilimbidi kukificha.

Ukiuliza kwa nini wauzaji wengine hawakukiweka, jibu si siasa peke yake. Biashara yetu ina woga wa zamani. Nicholas Biwott, aliyekuwa waziri mwenye nguvu, alipokwenda mahakamani juu ya kitabu kilichozungumzia kifo cha waziri mwenzake Dkt. Robert Ouko, walioshtakiwa hawakuwa waandishi tu. Wauza vitabu nao waliburutwa. Tangu hapo, kila kitabu chenye jina la mkubwa aliye hai hupimwa kwanza kwa jicho la wakili. Mwaka 2009, Michela Wrong alipotoa It's Our Turn to Eat, kisa cha John Githongo aliyefichua kashfa ya ufisadi ya Anglo Leasing, maduka kadhaa Nairobi yaliogopa kukiweka wazi. Kikauzwa mikononi, kwenye taa za barabarani, chini ya meza. Mteja alinong'ona, nawe ukachungulia kushoto na kulia kabla ya kukitoa. Woga huo una madhara ambayo watu hawayafikirii: kitabu kikiuzwa kwa siri, kinasomwa kwa siri, na kinachosomwa kwa siri hakijadiliwi. Kinageuka uvumi.

Tukio ambalo hasa limenifanya niandike haya lilitokea mwaka 2018. Tarehe 30 Januari, Raila, akipinga matokeo ya uchaguzi wa 2017, alikula kiapo Uhuru Park kama "rais wa wananchi". Aliyesimama kando yake, akaitia sahihi karatasi ya kiapo, alikuwa Miguna Miguna. Siku chache baadaye akakamatwa, na tarehe 6 Februari serikali ikamsafirisha kwa nguvu hadi Kanada, ingawa mahakama ilikuwa imeamuru afikishwe mbele yake.

Wiki hizo wateja walirudi kukiulizia kitabu, nami nikashtuka kuona nani anauliza. Walioniita mnunuliwa mwaka 2012 sasa walitaka nakala. Kwao Miguna sasa alikuwa jenerali, shujaa, mtu asiyeogopa. Kijana mmoja aliniambia kwa bidii kwamba huyu ndiye mkweli pekee nchini. Nikamwuliza kama anajua kitabu kinasema nini juu ya mtu aliyeapishwa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ilikuwa zamani." Na wale walionunua 2012 wakanakili kurasa zile na kuzigawa? Sasa walisema Miguna ni mropokaji asiyestahili kusikilizwa, na serikali imefanya vyema kumfukuza. Hakuna neno hata moja lililokuwa limebadilika ndani ya kitabu. Waliohama ni wasomaji.

Kisha tarehe 9 Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Raila wakapatana, wakashikana mikono kwenye ngazi za Harambee House. Miguna akajaribu kurudi mwezi huohuo, akazuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa tena nje. Akaanza kumshutumu Raila upya, na wapenzi wake wa Januari wakamtupa kabla ya Aprili. Aliporejea nchini tarehe 20 Oktoba 2022, baada ya William Ruto kuingia madarakani, kundi jingine kabisa likampokea kwa shangwe. Nalo likapoa alipoanza kuikosoa serikali ya Ruto. Nimeishi kuyaona mageuzi haya yote nikiwa nimesimama mahali pamoja, mbele ya rafu ileile.

Naamini hili kwa dhati: hatukuwahi kukihukumu kitabu kile. Tulikuwa tunahukumu anasimama na nani wiki hiyo. Na hasara ni yetu sote, kwa sababu ndani yake mna madai mazito kuhusu jinsi serikali ya mseto ilivyoendeshwa, na madai hayo yalistahili kuthibitishwa au kukanushwa moja moja, kwa tarehe na ushahidi. Aliyesimamishwa kazi na mwenye hasira anaweza kusema kweli, na aliyekaa karibu na mkubwa anaweza kukosea. Sijaona mtu akilijua hilo bila kuketi na kusoma. Elderkin angalau alifanya kazi hiyo: alikisoma, akajibu hoja. Unaweza kukataa majibu yake, lakini alijibu yaliyoandikwa.

Mwaka 2013 ilitoka The Flame of Freedom, tawasifu ya Raila aliyoiandika pamoja na Elderkin huyohuyo. Niliviweka vitabu hivyo viwili ubavu kwa ubavu kwa makusudi, na bado hukaa hivyo nakala zinapopatikana. Wengi huchukua kimoja na kukisukuma kingine pembeni kwa mgongo wa mkono. Wanaochukua vyote viwili ni wachache, na mara nyingi ni vijana waliokuwa watoto wadogo mwaka 2012, ambao hawana deni la upande wowote. Kwa hao hushusha bei bila kuombwa.

Raila alipofariki Oktoba 2025, walikuja watu wengi kutafuta tawasifu yake. Wapo walioniambia, kwa upole kabisa, niondoe kile cha Miguna rafuni kwa heshima ya marehemu. Niliwapa pole, maana msiba ulikuwa wa kweli na machozi yao nimeyaona. Lakini sikukiondoa. Mtu aliyeishi katikati ya siasa za nchi hii kwa zaidi ya miaka arobaini, aliyefungwa bila kesi kwa ajili ya nchi hiyo, ni mkubwa kuliko kitabu kimoja cha kumpinga, na wajukuu wake wa kisiasa wana haki ya kusoma waliompenda na waliogombana naye.

Basi nawe msomaji, kama unayo nakala uliyoinunua 2012 ukaisoma kurasa ishirini, au uliyoikopa 2018 ukaiacha pale ilipoanza kukuudhi, itoe. Anza ukurasa wa kwanza na uende hadi mwisho ukiwa na kalamu, uandike pembeni anachokijua na anachokidhania. Ukimaliza, njoo tubishane. Kibanda hufunguliwa saa mbili asubuhi.