Robo Mzunguko

Nikiwa Nakuru nilijua bunduki za aina mbili: ya polisi na ya jambazi. Zote mbili ukiziona unainamisha kichwa na kupita. Uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977, kabla sijazaliwa, kwa hivyo nilipofika Montana na kukuta gereji ya Mjomba imejaa maganda matupu ya risasi, enyewe niliogopa hata kuegemea meza.

Mjomba ana bunduki moja tu, .30-06, na kila msimu huwinda kulungu. Hatupi ganda. Akishafyatua huliokota, akalisafisha na kulijaza upya. Shida ni kwamba baruti ikilipuka, ganda la shaba hufura na kuchukua umbo la chemba. Ili liingie tena bila kusumbua, lazima lisukumwe ndani ya kalibu ya chuma inayolibana lote, shingo, bega na mwili. Wenyewe huiita dai. Jina hilo lilinichekesha, maana kwetu mwenye dai ni mtu anayekutafuta kwa pesa zake.

Macho ya Mjomba yalipoanza kufifia, alinikabidhi kazi hiyo. Karatasi iliyokuja na kalibu ilisema uiteremshe hadi iguse kishikio cha ganda, halafu uongeze robo mzunguko. Basi. Mjomba alinikataza. "Hiyo karatasi haijawahi kuona bunduki yangu, kijana. Pima."

Nikaitikia. Lakini nilikuwa nikitoka shifti ya usiku, na kupima kunachosha. Nikafuata karatasi. Mwaka mzima.

Kosa langu halikuonekana kwa macho, ndiyo maana lilidumu. Kalibu ikishushwa hadi mwisho hulifupisha ganda liweze kuingia hata kwenye chemba fupi kuliko zote. Chemba ya Mjomba ni ndefu kidogo. Nafasi ikabaki. Kila risasi ilipofyatuliwa, sehemu ya mbele ya ganda iling'ang'ania kuta za chemba huku kitako kikirudi nyuma kugonga komeo, na shaba ya katikati, karibu na kitako, ikavutika. Nami nikawa nalirudisha kwenye kalibu, nalifupisha, linavutika tena.

Wiki moja kabla ya msimu tulienda uwanja wa shabaha. Mlio ulikuwa wa kawaida. Lakini Mjomba alirudisha kichwa nyuma ghafla, na alipofungua komeo kilitoka kitako peke yake. Nusu ya mbele ilikuwa imebaki ndani. Kioo cha miwani yake kilikuwa na weusi wa moshi.

"Ulipima?"

"Ndiyo, Mjomba."

Wee! Jibu lilitoka kabla sijafikiria. Hakuniuliza tena. Tuliendesha gari hadi nyumbani bila redio.

Gerejini alichukua ganda jingine nililolishughulikia mimi, akalipasua kwa msumeno kutoka mdomoni hadi kitakoni. Ndani, karibu na kitako, kulikuwa na mfereji mwembamba, kama alama ya pete kidoleni. Akakunja ncha ya waya, akanipa nipapase mengine. Kila ganda, waya ilikwama palepale.

"Mjomba, sikupima."

"Najua. Leta taa."

Akatoa pini na springi kwenye komeo ili lisogee bila kizuizi, kisha akapandisha kalibu mzunguko mzima. Uzi wake ni 14 kwa inchi, kwa hivyo mzunguko mmoja ni karibu sehemu 71 kati ya 1,000 za inchi. Bega tulitaka kulirudisha sehemu 2 tu. Kwa hivyo unazungusha kiasi cha kusema hujazungusha. Paka mafuta, bana, pangusa, jaribu kwenye bunduki. Teremsha kidogo. Rudia.

Kilichonishangaza ni kwamba mwanzoni komeo lilizidi kuwa gumu. Kumbe mwili wa ganda ukibanwa kabla kalibu haijafika begani, bega husukumwa mbele na ganda hurefuka. Ningekuwa peke yangu ningeona nimeharibu na kushindilia hadi chini. Mjomba alisema tu, "Ngoja." Mara ya saba au ya nane, mkono wa komeo ukashuka kwa uzito wake, ukisitasita kidogo pale mwisho. Akakaza pete ya kalibu ganda likiwa bado ndani, isije ikakaa upande.

Msimu ulipofunguliwa alibeba risasi za dukani. Nilimwona akiziweka mfukoni, nikajifanya naosha vikombe.

Alirudi jioni na kulungu mmoja na maganda mawili. Aliyaweka mezani mbele yangu. "Haya yamefyatuliwa mara moja tu," akasema. "Anza nayo."