Seva Tatu, Mazoea Yaleyale

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya chuo iliyopewa jukumu la kuhamisha mfumo wa ada kutoka seva moja kwenda kwenye kanzidata ya klasta, yaani seva kadhaa zinazotunza data ileile na kufanya kazi kama moja. Hoja ilikuwa nyepesi. Kila wiki ya usajili seva yetu ya pekee ilielemewa, na wanafunzi walipanga foleni tangu asubuhi hadi jioni wakisubiri mfumo urudi. Tukiwa na tatu, tuliambiana, moja ikianguka mbili zitaendelea. Nilikuwa na shahada ya uzamivu, wala si ya kompyuta, nikapiga kura ya ndiyo bila kuuliza swali hata moja.

Aliyeuliza alikuwa kijana wa kitengo cha TEHAMA, mdogo kuliko wote mezani. “Dokta,” alisema, “seva tunaweza kununua. Lakini programu hii iliandikwa ikiamini kwamba iko peke yake. Tupeni muhula mmoja tuipitie.” Tulimshukuru kwa mchango wake, kisha tukaupuuza. Barua ya kumwalika mgeni rasmi ilikuwa imeshatumwa.

Dalili ya kwanza ilionekana katika stakabadhi. Seva moja hutoa namba zinazofuatana: 1, 2, 3. Katika klasta yetu kila seva ilipewa namba zake ili zisigombanie: ya kwanza 1, 4, 7, ya pili 2, 5, 8, ya tatu 3, 6, 9. Seva moja ikipokea kazi nyingi kuliko wenzake, mapengo hubaki. Kwa mashine hilo si kosa. Kwa mkaguzi wa hesabu, stakabadhi isiyoonekana ni fedha iliyoliwa. Mhasibu wetu, mama aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alitumia wiki mbili kutoa maelezo ya stakabadhi ambazo hazikuwahi kuwapo.

Dalili ya pili ilimgusa mtu asiye na ofisi. Seva mbili zikibadilisha kumbukumbu ileile kwa wakati mmoja, badiliko moja hukubaliwa na jingine hukataliwa, na katika klasta ya aina yetu kukataliwa huko hutokea mwishoni kabisa, muamala unapothibitishwa. Programu iliyoandaliwa husikia jibu hilo na kurudia muamala. Yetu, katika miaka yote ya upweke wake, haikuwahi kuambiwa hapana katika hatua ile. Ada ya binti mmoja iliingizwa wakati uleule deni lake la bweni lilipokuwa likirekebishwa. Malipo yakakataliwa, na programu ikaandika kwamba yamepokelewa.

Msimamizi wa chumba chake cha mtihani nilikuwa mimi. “Shikamoo, mwalimu. Nimelipa, karatasi ya benki hii hapa.” Nilitazama orodha, jina halikuwamo. Nilimwambia mfumo hauongopi, nikamtoa nje.

Baadaye, kwa aibu, nilianza kusoma nilichopaswa kusoma kabla ya kupiga kura. Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa hoja ambayo Seth Gilbert na Nancy Lynch waliithibitisha kihisabati mwaka 2002: mawasiliano kati ya seva yakikatika, mfumo hauwezi kuahidi kwa pamoja kujibu kila ombi na kutoa majibu yanayolingana kila mahali. Lazima uchague. Klasta nyingi huchagua kwa akidi. Bunge letu huridhika na nusu ya wabunge. Klasta hudai zaidi ya nusu, kwa sababu nusu mbili zingeweza kila moja kujitangaza kuwa ndiyo halali. Katika seva tatu, itakayojikuta peke yake huacha kupokea kazi, hata kama ni nzima, kwa kuwa haijui wenzake wameamua nini. Nilisoma hapo nikafunga kitabu. Mashine isiyojua hunyamaza. Mimi nisiyejua nilinyoosha mkono.

Kuhamisha programu ya zamani kwenda kwenye klasta ni kuihoji programu hiyo. Inadhani namba zitafuatana? Inasikia muamala ukikataliwa? Ikiandika hapa na kusoma pale, itaona ilichoandika? Kisha hufanywa mazoezi kwa nakala ya data, waya ukichomolewa kwa makusudi mchana kweupe. Na mwanzoni maandishi yote huelekezwa kwenye seva moja, nyingine zikibaki za akiba, hadi programu ijifunze kuishi na wenzake. Huo ndio muhula mmoja aliouomba yule kijana.

Naandika haya kwa watumishi wa umma watakaoketi katika kamati kama yangu. Tunapenda mageuzi yanayoweza kukatiwa utepe, na kuipitia programu ya zamani mstari kwa mstari hakuna utepe.

Binti yule alifanya mtihani maalumu miezi mitatu baadaye, akafaulu. Nilimwomba radhi korido, akaniambia, “Haina neno, mwalimu, ni mfumo tu.” Sikumsahihisha siku ile. Namsahihisha leo: haukuwa mfumo. Tulikuwa sisi.